Katamarani ya mbao: namna nilivyoirudisha baharini Mkokotoni, Unguja

Kilichoila katamarani hii, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, ni maji ya mvua. Nalitanguliza hili kwa sababu karibu kila aliyepita bandani kwetu aliilaumu chumvi, na kwa imani hiyo watu wengi hupaka rangi chini ya chombo kila mwaka huku juu kunavuja. Kuvu wa kuozesha mbao hupenda maji yasiyo na chumvi. Mbao iliyozoea bahari huchelewa kuoza, lakini maji ya mvua yakituama ndani ya tundu la bolti, masika machache tu yanatosha kuigeuza unga.

Chombo chenyewe kiliundwa na mgeni mmoja uani kwake, kwa michoro iitwayo Tiki 21. Ni mitumbwi miwili myembamba ya plaiwudi, urefu mita 6.4, imeunganishwa kwa mihimili mitatu hadi upana unafika mita 3.66. Aliyeichora ni James Wharram, Mwingereza ambaye katika miaka ya 1950 alijiundia katamarani akavuka nayo Atlantiki, kisha akatumia maisha yake kuchora vyombo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuviunda nyumbani. Mgeni aliporudi kwao, chombo kilibaki chini ya minazi. Mimi ni seremala wa milango na vitanda, na kwetu ni wavuvi. Nilikitaka kwa sababu kinaelea kwenye maji machache, kinapanda mchangani bila taabu, na kinabeba madema ya kutegea samaki hadi upande wa pili wa kisiwa cha Tumbatu bila tone la petroli.

Tuliivuta juu kwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, vuli inakwisha. Huku kwetu bamvua kubwa hupanda na kushuka karibu mita 4, basi bahari yenyewe ilitufanyia kazi ya winchi. Kaskazi yote ilikaa chini ya makuti, pande zikiwa wazi, vifuniko vyote vimeng'olewa. Fundi mwenye haraka ataniona mvivu, lakini epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, ikipakwa juu ya mbao mbichi huyafungia maji ndani, na hapo umelipa pesa kuuhifadhi uozo.

Kabla ya kukata nilizunguka nikigonga kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima hulia, mbao iliyokufa hujibu kwa sauti nzito isiyokwenda mbali. Nilichora kwa chaki kila palipokuwa kimya, na nilipomaliza picha ilijieleza yenyewe: karibu alama zote zilizunguka bolti za mihimili. Sehemu ya chini, ambayo watu walikuwa wakiiogopa, ilikuwa salama.

Michoro ya Wharram inataka mihimili ifungwe kwa kamba. Aliyeiunda, au aliyeitumia baadaye, aliona chuma ni madhubuti zaidi akatoboa. Lakini mitumbwi miwili ikipanda mawimbi haipandi sawa. Mmoja unainuka wakati mwenzake anazama. Kamba inaruhusu mchezo mdogo huo na kuugawa mzigo kwenye eneo pana. Bolti inaukusanya mzigo wote kwenye tundu moja, tundu linapanuka, rangi inapasuka, mvua inaingia. Sisi watu wa pwani hii tusingehitaji kufundishwa jambo hili. Matengo ya ngalawa, yale ya pembeni yanayoizuia isipinduke, hufungwa kwa kamba hadi leo, na mtepe, chombo cha wazee wetu, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za usumba. Kabla sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mtepe ulioundwa upya ulikuwa umewekwa mle ndani, na mimi niliwahi kusimama mbele yake nikifuata mishono kwa macho. Nilipoziona bolti zile zimeshika kutu nilijua nitakachofanya.

Sehemu mbovu nilizikata hadi kwenye mbao safi, na zaidi kidogo. Plaiwudi ya milimita 6 huungwa kwa mshazari, na kanuni ni mshazari uwe mara 8 ya unene, kwa hiyo kila kingo niliipiga randa hadi ikapata upana wa sentimita 5 hivi. Kona za ndani nilizijaza epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao uliochekechwa, nikailainisha kwa mgongo wa kijiko.

Epoksi inahitaji adabu katika joto letu. Inapoganda hutoa joto, na ukiiacha nyingi ndani ya kopo, joto hujilimbikiza mpaka inafuka moshi na kuganda kabla hujaipaka. Changanya kidogo, imwage kwenye sinia pana. Paka alasiri, jua linaposhuka. Asubuhi mbao inapata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kama mapovu. Jioni inapoa na kuinywa epoksi vizuri. Halafu kuna unyevu wa kisiwani, ambao huacha utando unaoteleza juu ya epoksi nyingi zikishakauka. Uoshe kwa maji na sponji ndipo upige msasa, ama sivyo tabaka la pili halitashika.

Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya moto. Ami yangu, ambaye ameunda ngalawa na mashua tangu ujana wake, alikuja na mzigo wa makuti makavu.

"Mwanangu, chombo hakichomwi? Wadudu watakimaliza."

Kwa vyombo vyake ana haki kabisa. Moto wa makuti chini ya mashua huua wadudu wanaotoboa mbao, kisha hupakwa shahamu na chokaa. Lakini epoksi ya kawaida huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. "Ami, epoksi hii ni ngozi juu ya mbao," nilimwambia, "ukiichoma unafungua mlango wa wadudu hao hao." Alikipapasa chombo, akakubali. Chini tukapaka rangi yenye shaba, na juu nikapaka nyeupe tupu, kwa sababu rangi nyeusi kwenye jua la hapa huipasha mbao kuliko epoksi inavyostahimili.

Matundu ya bolti yote niliyaziba. Kwa kufungia nilikataa nailoni, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, kwa kuwa hurefuka ikilowa na ikivutwa, nikatafuta poliesta. Ami ndiye aliyefunga. Duru zinapangwa bila kupandana, kisha kamba inapitishwa katikati kuzikaba na kuvutwa kwa gongo mpaka fundo linalia. Chini ya kila muhimili tuliweka kipande cha mpira wa tairi ili kamba isisagwe.

Badiliko la mwisho lilikuwa tanga. Mlingoti wa alumini ulikuwa umepinda, nikaweka wa mti, na foromali, boriti inayobeba tanga, kwa mtindo wetu. Nililipima sana jambo hili, maana tanga la foromali halikati upepo kama lile la kwanza, na kubisha nalo, yaani kwenda kinyume cha upepo, ni kazi ya subira. Ila katamarani nyepesi kama hii, ukiigeuza kwa kuielekeza kwenye upepo, hupoteza mwendo ikasimama. Sisi tangu zamani hugeuka kwa kuufuata upepo na kulipisha tanga mbele ya mlingoti, na njia hiyo chombo hiki kinaipenda. Kamba za mlingoti nimezifanya za kulegezwa, upande wa chini ya upepo ziwe huru foromali ipite.

Kusi lilipotulia tuliishusha. Tulipita ndani ya Tumbatu, kisha tukaielekeza Nungwi, upepo nyuma yetu na ami kwenye usukani. Mihimili ilikuwa inacheza kidogo sana, mchezo ule niliokuwa nautaka, na vyumbani chini mlikuwa mkavu. Tuliporudi kamba zilikuwa zimelegea kidogo, kama kamba mpya zote, tukazikaza upya. Sasa nazikagua kila bamvua, chombo kikiwa kimepwelewa. Bawaba za usukani bado ni za chuma, na zimeanza kutoa kutu. Michoro inataka nazo ziwe za kamba. Poliesta ipo, imebaki ya kutosha, na ami ameshaniuliza naanza lini.