Nilimwambia Afunge Siku Tatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa, mtoto wake wa miezi minne akiwa mgongoni. Ameniruhusu kuyaandika haya, ingawa jina lake nitalihifadhi. Aliniambia kwamba kwa zaidi ya mwezi mmoja sasa haoni ladha ya kitu chochote, kwamba usiku mtoto akilala yeye hukesha akitazama bati, na kwamba anamnyonyesha mwanawe kama mtu anayetimiza kazi ya kuajiriwa, bila kusikia chochote moyoni. Alikuwa akisema hayo huku akiifunga na kuifungua ncha ya kanga yake, macho yakiwa chini. Nami, mzee wa kanisa, nilimwuliza kama bado anasoma Neno, nikamshauri afunge siku tatu na kuomba, nikamwekea mkono kichwani, tukaagana. Alinishukuru.

Nilipomsimulia mke wangu nyumbani, aliweka sufuria chini, akaniuliza swali moja tu: "Baba, mama anayenyonyesha, ambaye tayari chakula hakipiti, umemwambia afunge?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilirudi katika 1 Samweli sura ya kwanza, nikamkuta kuhani Eli ameketi penye mwimo wa mlango wa hekalu, anamtazama Hana anavyotikisa midomo bila sauti, na kumwambia kuwa amelewa. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi nikiwa upande wa Hana. Safari hii nilijiona nimekaa kwenye kiti cha Eli.

Tumwangalie Hana kwanza. Huzuni yake ilikuwa nzito: alilia, hakula, na mke mwenzake alimchokoza mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hakuwa na mtoto. Lakini huzuni hiyo ilikuwa na jina na sababu, naye aliweza kuieleza. Alipokwisha kuimimina nafsi yake mbele za Bwana, Maandiko yanasema alienda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena, ingawa wakati huo alikuwa bado hajapata mtoto. Hivyo ndivyo huzuni ya kawaida ilivyo. Inauma kwelikweli, lakini inasikiliza. Neno jema huifikia, na machozi huipunguza.

Sasa mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha, na watu wamekiri kwamba Bwana ndiye Mungu. Tunajua kwamba malkia Yezebeli alimtishia, lakini mtu aliyesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali hakuwa mgeni wa vitisho. Hata hivyo anakwenda mwendo wa siku moja jangwani, anaketi chini ya mretemu, na kusema, "Yatosha," akimwomba Bwana aiondoe roho yake kwa kuwa yeye si mwema kuliko baba zake. Sisemi kwamba nabii alikuwa na ugonjwa ambao leo tunauita sonona (kwa Kiingereza depression), kwa sababu Maandiko hayakuandikwa ili tuwapime watu maradhi yao. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kupita huko akiisoma sura ile anaitambua sauti hiyo, ile ya mtu ambaye ushindi wa jana haumpi kitu leo, na anayejiona hana thamani hata mbele ya waliokwisha kufa.

Naitambua kwa sababu nimepita huko, na hili sijawahi kulisema kanisani.

Baba yangu mzazi alifariki mwaka 2014. Nililia sana. Lakini siku ya tatu ya matanga, wajomba walipoanza kusimulia namna marehemu alivyokuwa akibishania bei ya mbuzi mnadani, nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikalia tena. Usiku nilikosa usingizi, asubuhi nikanywa uji wote. Uchungu ulikuwa kama upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa nane, unaovuma na kukujaza vumbi machoni, ukatulia, ukavuma tena. Katika yote hayo sikuwahi kujiona kuwa mimi ni takataka. Nilimkosa baba, basi. Miezi ilivyokwenda, upepo ukapungua.

Mwaka 2017 mambo yalikuwa tofauti kabisa. Hakuna aliyekufa. Watoto walikuwa wazima, zabibu zilikuwa zimezaa vizuri na mnunuzi alikuwa amelipa. Baada ya mavuno niliingia shambani kupogoa, kazi niliyoifanya tangu ujana wangu, nikasimama mbele ya mzabibu mmoja nikiwa na mkasi mkononi, nikashindwa kuamua ni tawi lipi likatwe na lipi libaki. Niliutazama ule mzabibu. Niliinua mkasi, nikaushusha. Kijana aliyekuwa akinisaidia alimaliza mistari miwili, akarudi kuchukua maji, akanikuta palepale, jua limekwishahama kutoka mgongoni kwangu hadi utosini. Akaniuliza, "Mzee, shikamoo, kuna tatizo?" Ulimi ulikuwa mzito, nikashindwa hata kuitikia marahaba.

Hali hiyo ilidumu wiki, kisha miezi. Niliamka saa tisa za usiku na sikulala tena. Mlenda, ambao nimeupenda tangu utoto, ulikuwa kama tope mdomoni. Nilikwenda kwaya na kuimba, maneno yakatoka, lakini ndani kulikuwa kimya. Wala sikulia, ningetamani kulia. Nilikuwa na hakika kwamba nimekuwa mzigo kwa nyumba yangu, na yapo mawazo yaliyonijia ya kutokuwapo tena duniani ambayo hata leo nikiyakumbuka natetemeka. Mtumishi mmoja niliyemgusia kwa mbali alinifungulia Yohana 15, akaniambia kwamba Bwana ananipogoa ili nizae zaidi. Alisema kwa upendo, lakini neno lile lilinifunga kinywa kwa miezi mitatu mingine, kwa sababu nani atakwenda kutafuta dawa ya kumzuia Bwana asipogoe?

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Sisi wa Dodoma tunajua jinsi tulivyolifanya jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kuwa tusi. Hospitali hiyo imewahudumia wagonjwa wa nchi nzima tangu miaka ya 1920, nasi majirani zake tunawatishia watoto wetu kwa jina lake, na mtu akikasirika kidogo tunamwambia njia ya kwenda huko anaijua. Nilimwomba mwenye bajaji atushushe mbali na lango, nikavuta kofia usoni, nikatembea kama mwizi kwenda kutafuta uzima.

Daktari hakunishangaa. Kwanza aliagiza nipimwe damu, akaeleza kwamba upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na maradhi mengine huweza kumfanya mtu awe katika hali inayofanana na ile. Kisha akauliza, polepole, kuhusu mambo tisa: kama moyo umekuwa mzito sehemu kubwa ya siku, kama nimepoteza hamu ya mambo niliyoyapenda, usingizi, chakula na uzito, uchovu, kujilaumu na kujiona sifai, kushindwa kutuliza akili au kuamua, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu kiasi cha wengine kuona, na mawazo ya kifo. Akasema kwamba mtu akiwa na matano au zaidi kati ya hayo, mojawapo likiwa miongoni mwa yale mawili ya kwanza, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na maisha yake yakavurugika kwa sababu hiyo, hapo hatuzungumzii tena huzuni ya kawaida. Ugonjwa huo huitwa sonona. Nami nilikuwa na manane.

Naomba mwelewe vizuri, maana hapa ndipo tunapopotea. Siyo kwamba huzuni ni ndogo na sonona ni huzuni kubwa. Mjane anaweza kulia kwa uchungu unaopasua mawe na asiwe mgonjwa, na mtu mwingine akawa mgonjwa sana bila chozi hata moja, huku anafagia uwanja na kuitikia salamu. Tena msiba wenyewe unaweza kugeuka kuwa sonona, kwa hiyo kuwa na sababu hakumkingi mtu. Tazama muda, tazama kama furaha ndogo bado zinamfikia, na tazama anavyojisema mwenyewe. Kwa mama aliyejifungua, machozi ya siku za kwanza huwapata wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au akisema kama alivyosema dada yetu, anahitaji kupimwa, na haraka.

Nilipewa vidonge, nikapangiwa kurudi kwa mazungumzo na mshauri. Niliambiwa mapema kwamba dawa hizo huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona nafuu, kwamba hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wa dawa, na kwamba nisiziache ghafla siku nitakayojisikia vizuri, bali niendelee kwa miezi kadhaa kama daktari atakavyoelekeza. Wiki ya tano, nikiwa nimekaa kibarazani, nilisikia harufu ya karanga zinazokaangwa kwa jirani, nikazitamani. Nilimshukuru Mungu kwa karanga kuliko nilivyowahi kumshukuru kwa gari.

Nikapona, na nikanyamaza. Miaka yote hii nimesimama mbele yenu nikitoa ushuhuda wa mvua na wa ada za shule, na huu nimeuficha, nikihofia mtaniona mzee asiye na imani. Matunda ya ukimya wangu mmeyaona: dada amekuja chini ya mwarobaini akiwa na ugonjwa niliokuwa nao mimi, nami nikampa jibu la namna ileile lililonifunga mimi kinywa. Nimetubu mbele za Mungu, nimemwomba yeye radhi juzi Jumatatu, na sasa nawaomba ninyi.

Nanyi pia, wapendwa, niwaseme kwa upendo. Tuache kumwuliza mgonjwa, "Mume ana kazi, mtoto mzuri, unalia nini?" Tuache kukimbilia kukemea pepo kwa mtu ambaye hajalala wiki tatu. Paulo alisafiri na Luka, naye akamwita tabibu mpendwa, wala hakuona kwamba uwepo wa tabibu unaipunguza sala. Na malaika aliyetumwa kwa Eliya alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akarudi kumgusa mara ya pili na kumwambia ale, kwa maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mungu alimjua nabii wake, na alianza na chakula na usingizi. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baada ya siku arobaini.

Mtu akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimhubirie. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi linamtua mzigo. Usimwache peke yake, dawa za kupulizia shamba zifungiwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu dada yetu, jana jioni alikula ugali nusu sahani, mke wangu akiwa amekaa naye jikoni. Nilimwuliza lile swali, akasema hapana, mawazo hayo hana, ila amechoka. Kesho Alhamisi saa moja asubuhi bajaji itakuwa mlangoni kwake, na safari hii itatushusha langoni. Mumewe ameomba ruhusa kazini. Mtoto tutakwenda naye, maana ananyonya. Wanaohitajika ni akina mama wawili wa jumuiya wa kuteka maji na kupika pale nyumbani hadi Jumapili, na mmoja wa kulala pale ili usiku mtoto akiamka, mama yake apate kulala. Atakayeweza amwone mke wangu leo kabla ya maombi ya jioni.