Eti "daktari wa vichaa"

Juzi kwenye daladala ya Mbagala nikamwambia shangazi nataka kusoma saikolojia, akashika kikapu chake cha dagaa vizuri akasema kwa sauti gari zima lisikie, "Kwa hiyo mwanangu unakuwa daktari wa vichaa?" Konda kacheka mpaka kasahau kunidai nauli.

Shangazi anachanganya mambo, na sio yeye peke yake. Anayeandika dawa ni saikayatrista, yaani daktari bingwa wa magonjwa ya akili, huyo anasoma udaktari miaka 5 kwanza, intanship mwaka 1, halafu masta ya magonjwa ya akili miaka 3, yaani mpaka umalize mvi zinachungulia. Mimi njia yangu ni nyingine, digrii ya saikolojia miaka 3, kisha nikijaliwa masta ya saikolojia tiba Muhimbili, huko ndo unakaa na wagonjwa kweli chini ya msimamizi, maana digrii ya kwanza peke yake haikufanyi tabibu hata kama jamaa wengi wakishaipata tu wanafungua ukurasa wa Insta na kuanza kutibu ndoa za watu.

Ada ya masta sasa, hapo ndo napiga mahesabu ya mama ntilie.