Makusudi

Binti wa dada yangu kanitumia barua yake ya kuomba uzamili, anataka niipitie. Sentensi ya kwanza: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Nikacheka. Nani anayeomba kozi ya afya hajaanza hivyo?

Mwaka nilioomba mimi, nilikuwa na shahada ya sosholojia na bahasha ya kaki yenye vyeti. Kozi yangu ilikuwa Uingereza, ile ya tiba kwa vitendo (occupational therapy), ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, na inapokea hata waliosomea mambo mengine. Humo ndani unatimiza saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kazini. Ila kabla hawajakuchukua, wanapenda kuona umeshawahi kushinda na mtaalamu. Mimi nilimjua mmoja tu Mwanza, dada aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Akanikubalia nimfuate kwa wagonjwa wake wa majumbani.

Ndiyo tukafika Kirumba, kwa mzee mmoja mvuvi wa sangara. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito. Mpira wa kuminyaminya aliopewa hospitali alishamgawia mjukuu.

Dada hakubishana naye. Akaomba wavu uliochanika, akamtandazia mzee mapajani, akaanza kuushona yeye. Vibaya mno. Mzee akamwangalia weee, taya linamcheza.

"Binti, hapo si samaki wote watatoka!"

"Haya baba, nionyeshe."

Mkono wa kulia ukasogea. Vidole viwili vikaubania uzi pajani, vikatetemeka, uzi ukaponyoka. Akatukana kwa Kisukuma, akaubania tena. Safari hii mkono wa kushoto ukawahi kupitisha sindano, fundo likakaza. Jasho linamtoka kama anavuta mtumbwi nchi kavu. Mimi nimeng'ang'ania vidole kwa macho. Dada alikuwa anaangalia bega, kama linapanda.

Mengine yalienda mbio: wadhamini, mtihani wa Kiingereza, viza, baridi.

Ila sijui mpaka leo kama dada hakujua kushona kweli au alimtega yule mzee. Nilimuuliza ndani ya daladala, akaniambia nitoe nauli, konda anasubiri. Kwenye barua niliandika alifanya makusudi. Ilisomeka vizuri zaidi, na kwenye usaili ndicho kitu pekee walichoniuliza.