Jina la kuazima: Wasomali wa Eastleigh na Wakongo wa Kayole

Mazungumzo kuhusu wakimbizi wa Nairobi hayakawii kufika kwenye swali moja: mbona Wasomali wamejenga Eastleigh, na Wakongo bado wanatembeza vitenge Kayole? Swali hilo linaumiza pande zote mbili. Msomali anaambiwa ni tajiri asiyehitaji msaada, Mkongo anaambiwa hajui biashara. Yote mawili si kweli, na chanzo cha kosa ni kulinganisha watu wasiolingana.

Mwenye jumba la maduka Eastleigh mara nyingi ni Mkenya. Wasomali wameishi mtaa huo tangu enzi za ukoloni, na sensa ya 2019 ilihesabu Wasomali wa Kenya zaidi ya milioni 2.7. Utawala wa Siad Barre nchini Somalia ulipoanguka Januari 1991, waliokimbilia Nairobi walikuta wenzao wenye lugha yao, dini yao na ukoo wao, wenye kitambulisho cha taifa mfukoni. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, ndiyo mfano unaotajwa sana. Wageni walianza kuuza bidhaa vyumbani humo, mchana chumba kikawa duka, usiku kikarudi kuwa malazi, hadi jengo zima likageuka soko. Lakini jengo na leseni vilihitaji mtu ambaye serikali inamtambua, na mtu huyo alikuwepo.

Mkongo hakumkuta mtu wa namna hiyo. Wimbi la vita vya 1996 na 1998, kisha machafuko ya Kivu, mashariki mwa Kongo, kisha waasi wa M23 mwaka 2012 na kuanguka kwa Goma Januari 2025, yote yameleta Washi, Wabembe, Wanyamulenge na wengineo. Hakuna kabila lolote kati ya hayo lenye kaunti yake Kenya, wala mbunge, wala mjomba mwenye hati ya nyumba. Walitawanyika Kayole, Umoja, Githurai, Kasarani, Kangemi na Kawangware kwa kufuata kodi nafuu na kanisa la wenzao.

Kwa hiyo ulinganisho wa haki ni wa mkimbizi Msomali na mkimbizi Mkongo. Ukifanya hivyo, pengo linapungua sana. Ndani ya Eastleigh hiyo hiyo kuna Wasomali wengi wanaobeba mizigo, wanaofua nguo kwenye nyumba za watu, wanaouza chai na miraa kwenye ngazi za maduka, na akina mama wanaongoja maziwa ya ngamia yaliyopakiwa basini kutoka Isiolo. Hawa hawamiliki chochote kwenye jumba lile la vioo. Wanachokuwa nacho, na ambacho Mkongo wa Kayole hana, ni jina la kuazima.

Tuchukue kiduka kimoja ndani ya jumba la maduka. Kukipata kunahitaji kilemba, ambacho Eastleigh hukiita gudwili: fedha za mkupuo zinazolipwa kabla ya kodi ya kwanza. Kisha kuna mkataba wa upangaji, kibali cha biashara cha kaunti, namba ya mlipakodi ya KRA, na namba ya till ya M-Pesa ya kupokelea malipo. Mkimbizi asiye na karatasi kamili huandikisha vyote hivyo kwa jina la jamaa Mkenya. Hapo ndipo ukoo unapofanya kazi ambayo mahakama ingefanya. Jamaa akikana deni au akitaka kukalia duka, wazee huitwa, na uamuzi wao una uzito kwa sababu kila mmoja anajua atahitaji kudhaminiwa tena kesho. Mpango huu una nyufa zake. Jamaa akifariki, warithi wake hawakuwepo siku ya makubaliano, na fedha zilizomo kwenye till ni za aliyeiandikisha. Wapo waliopoteza duka kwa namna hiyo bila karatasi hata moja ya kuonyesha hakimu.

Mkongo naye huazima jina, ila huazima kwa jirani, mwenye nyumba au muumini mwenzake. Hakuna wazee wa pamoja wa kuwaita mambo yakiharibika. Ndiyo sababu wengi hubaki bila duka kabisa, na naona ni uamuzi wa busara, si uoga.

Mkopo wa bidhaa ndio unaotofautisha zaidi, na watu wa nje hawauoni. Mwagizaji analeta kontena kutoka Guangzhou au Dubai kupitia Mombasa. Anampa muuzaji wa jumla marobota kwa deni, wa jumla naye anampa mwenye kiduka, na malipo yanarudi juu kadiri mzigo unavyouzwa. Dhamana ni mtu anayekujua. Kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab bila senti huanza kama msaidizi dukani, anapokea ujira mdogo na chakula, na mwenye mali anamtazama: je, hesabu ya jioni inatimia? Akiaminika, siku moja anapewa mzigo wake mwenyewe. Mtaji wake ni ule muda aliotazamwa.

Mnyororo huo ukikatika juu, wote walio chini huitwa walipe siku moja. Kontena likikwama bandarini, au moto ukiingia kwenye jengo lisilo na bima, deni halifutiki. Na mkimbizi akishindwa kulipa mmoja, habari hufika kwa wengine kabla ya jua kuchwa. Mwaka 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, na hazikuruhusiwa kufungua hadi Juni. Hawala hutegemea mawakala wawili wanaoaminiana: fedha zinapokelewa Minneapolis, Marekani, wakala wa Eastleigh anamlipa mlengwa, na wawili hao husawazisha hesabu baadaye. Kuifunga kulikatiza kodi ya nyumba na karo za familia maskini pamoja na malipo ya wafanyabiashara wakubwa.

Sasa mwanamke wa vitenge. Ananunua kwa fedha taslimu, kwa sababu hana mahali pa kudumu ambapo mwenye mali anaweza kumfuata. Kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi 6, na wateja wengi wanaomba nusu yake. Tuseme, kwa hesabu tu, mtaji wake ni shilingi 6,000 na kila kipande amekinunua 1,200. Ana vipande 5. Akiuza 1,500, faida ni 300 kwa kipande. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakimnyang'anya vipande 2 tu, amepoteza 2,400, ambayo ni faida ya vipande 8. Bado hatujaweka nauli, wala hongo ya kurudishiwa mzigo, wala faini akifikishwa mahakamani. Mtaji wa namna hiyo haukui hata mwenye nao akiamka saa kumi alfajiri kila siku. Kusuka nywele na kushona kuna nafuu, kwa kuwa mali iko mikononi na haichukuliwi na askari, na ndiyo maana saluni na cherehani vimewavuta Wakongo wengi.

Husemwa pia kwamba Wasomali wanajua kuweka akiba. Wote wanajua. Wasomali wana ayuuto, Wakongo wana likelemba, na Mkenya akiona moja kati ya hizo atasema ni chama, yaani kuchangishana kwa zamu. Watu 10 wakitoa 5,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 50,000. Yule mwenye mzigo wa deni dukani anaweza kuitumia yote kuongeza bidhaa. Yule asiye na deni la bidhaa, wala shangazi ng'ambo wa kumtumia fedha, mara nyingi ataitumia kulipa malimbikizo ya kodi na ada ya hospitali. Kikombe ni kile kile, kiu ndiyo tofauti.

Kuna jambo moja ambalo Mkongo anamzidi Msomali mgeni, nalo ni Kiswahili. Anashuka basi na siku hiyo hiyo anaweza kubishana bei na Mkikuyu, Mluo au Mkamba. Msomali aliyetoka Kismayu anaweza kuishi Eastleigh miaka mitano kwa Kisomali peke yake, jambo linalompa utulivu lakini linamfungia soko ndani ya barabara chache. Ila Kiswahili cha Kivu kina alama yake. Atakayesema batoto badala ya watoto, au bintu badala ya vitu, anajulikana kabla hajamaliza sentensi, na anayemsikia anaweza kuwa polisi.

Kwa polisi, Msomali ameumia zaidi, na hilo lisemwe wazi. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikafuta amri hiyo. Aprili 2014 ikaja Operesheni Usalama Watch: maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukawa mahali pa kuwazuilia na kuwachuja. Wakenya wenye asili ya Kisomali walibebwa pamoja na wageni. Kwa hiyo jina la kuazima nalo lina wakati ambapo halimlindi hata mwenye nalo.

Kwenye karatasi, mambo yaligeuka 2016. Kabla ya hapo Msomali wa kusini na kati ya Somalia alitambuliwa kama mkimbizi kwa kutoka tu huko. Aprili 2016 utaratibu huo ulifutwa, naye akaingia foleni ya mahojiano ya mtu mmoja mmoja, foleni ambayo Mkongo amekuwa akiijua siku zote. Foleni hiyo ina gharama ya moja kwa moja. Kibali cha kazi cha daraja M, ambacho mkimbizi halipii ada, hutolewa kwa aliyekwisha kutambuliwa, si kwa anayesubiri. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, lakini mlango unabaki ni ule ule: barua ya kutambuliwa, kadi ambayo haijaisha muda, barua ya mapendekezo kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, maombi ya mtandaoni kwa Uhamiaji, na barua ya mwajiri au maelezo ya biashara. Kinachokwamisha wengi ni kadi iliyoisha muda katikati ya safari. Ni vizuri kuanza kuihuisha miezi kadhaa mapema, na kutunza risiti ya maombi.

Msomi wa Bukavu, Kongo, ana kazi ya ziada. Vyeti vyake ni vya Kifaransa, kwa hiyo anahitaji tafsiri iliyothibitishwa kabla ya kuomba utambuzi wa sifa zake. Mwanawe hupimwa kwa Kiingereza shuleni na kurudishwa madarasa mawili au matatu nyuma, hata kama hesabu anaijua. Mtoto wa Kisomali hupata shida kama hiyo, ila Eastleigh ana walimu wa madrasa na majirani wa kumweleza kwa lugha yake.

Kwenye matibabu wanafanana. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inatoza asilimia 2.75 ya kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani si chini ya 3,600. Kwa mwenye mtaji wa vitenge 5, hiyo ni zaidi ya nusu ya mtaji.

Halafu kuna kusubiri. Wasomali wana neno, buufis, la hamu ya kwenda ng'ambo inayomkaa mtu hadi hawezi kupanga maisha ya hapa. Wakongo husema tu kesi: kesi yangu imefika wapi. Programu ya Marekani ya kuwapokea wakimbizi ilichukua Wakongo wengi kwa miaka kadhaa, Wasomali wakabanwa na marufuku ya 2017 ya kuingia Marekani, kisha Januari 2025 programu yenyewe ikasimamishwa kwa wote. Mtu aliyekuwa akingoja ndege hakununua vifaa vya saluni wala hakulipa kilemba, maana angeviuza kwa hasara. Wapo walioishi hivyo zaidi ya miaka kumi, na hilo linaeleza umaskini wa nyumba nyingi za Kayole kuliko hadithi yoyote ya uvivu.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Somalia 2024. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili afaidi haki za Jumuiya. Inavutia, lakini inaweza kuhitaji pasi ya nchi aliyoikimbia, na aliyeacha hadhi hiyo ameacha pia kinga ya kutorudishwa kwa nguvu. Mtu asitie saini kabla ya kuongea na wakili wa msaada wa kisheria.

Na kabla ya yote hayo, jina lake mwenyewe. Mkongo huandikwa kwa mkono wa Kifaransa, kwa hiyo sauti u inaweza kuwa ou kwenye cheti kimoja na u kwenye kingine, na jina la ukoo hutangulia. Msomali anaandikwa Maxamed nyumbani na Mohamed kwenye kadi, Cali huku na Ali kule, na mke hachukui jina la mume, kwa hiyo karani hudhani si mke wake. Herufi moja ikitofautiana, KRA inasema namba haioani, laini ya simu inasema hivyo hivyo, na kibali kinalala. Kadi ikitoka, isomwe herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani, ulinganishe na barua ya kutambuliwa, na kosa lirekebishwe siku hiyo hiyo.