Siku moja na pampu za ombwe katika maabara yetu, Kisumu

Saa moja asubuhi. Kitu cha kwanza nikiingia maabara ni kuitegea sikio pampu ya ombwe, yaani ya kufyonza hewa, ya mashine ya kukaushia sampuli kwa baridi, maana imekesha. Pampu nzima hunguruma mfululizo, sauti ileile. Ikianza kugonga, huenda oili imepungua au mabapa ya ndani yamelika. Leo mlio ni mzuri, ila geji inasoma milibaa 0.4, na kawaida huwa 0.1. Barafu bado inakauka, kwa sababu maji hayawezi kuwa kimiminika presha ikiwa chini ya milibaa 6. Hutoka kwenye barafu yakawa mvuke moja kwa moja. Lakini 0.4 si ya kupuuza. Sampuli zikishakauka nitaifungua.

Saa mbili na nusu. Maji ya ziwa yamefika kutoka Dunga. Tunayachuja kupata mwani, tupime klorofili, kile kijani chake. Hapa tunatumia pampu ndogo ya diaframu isiyo na oili, na tunavuta polepole, mshale usipite baa -0.2 (baa moja ni milibaa 1,000). Ukivuta kwa pupa seli za mwani hupasuka, kijani kikaponyoka na maji, na kipimo kikawa cha uongo.

Mwanafunzi wa atachimenti ameziba mpira kwa kidole gumba aijaribu pampu. "Madam, hii imechoka. Imekwama -0.85, haifiki -1."

Haijachoka. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina presha ya karibu milibaa 890, si 1,013 kama Mombasa. Geji ya mshale huanzia sifuri kwenye hewa ya mahali ilipo, kwa hiyo hapa hata pampu mpya kabisa haitapita -0.89. Ningependa kila maabara ya huku ibandike karatasi yenye namba hiyo kando ya geji. Pampu nzima zimewahi kutupwa kwa kosa hili.

Saa nne. Sampuli zimekauka, naigeukia ile pampu kubwa. Oili humwagwa ikiwa bado na moto, ndipo inatoka yote na uchafu wake. Nachukua kidogo kwenye bika na kuinua dirishani. Oili safi huwa angavu, ya dhahabu hafifu. Hii ina rangi ya chai ya maziwa, imekuwa nyepesi, na inanuka spiriti. Jibu ni hilo. Ukungu ni maji, harufu ni ethanoli. Kuna mtu aliweka dondoo la mimea kabla ya kuimaliza ethanoli. Kondensa ya mashine yetu, yaani sehemu baridi ya kunasa mvuke, hushuka hadi nyuzi -50, na hapo maji hunaswa yakaganda, lakini ethanoli huganda kwenye -114. Inapita palepale na kwenda kunywewa na pampu.

Nasuuza kwa oili mpya kidogo, namwaga, kisha najaza hadi katikati ya mistari miwili ya kioo. Ukizidisha, itatapikwa kwenye bomba la kutolea hewa. Kila mara hutokea mtu wa kushauri oili ya injini kwa kuwa ni rahisi. Nakataa. Oili ya injini ina viungo vinavyogeuka mvuke ndani ya ombwe, na presha haitashuka tena unavyotaka. Ile chafu naifungia kwenye jerikeni yenye lebo. Sinki letu mwisho wake ni ziwa lilelile tunalolipima.

Mchana ni wa rotari, mashine ya kuondoa ethanoli kwa kuichemsha ndani ya ombwe. Nimemwita mwenye dondoo tufanye pamoja, bila ugomvi: beseni la maji nyuzi 60, ombwe milibaa 175, na ethanoli inachemka ikiwa nyuzi 40 tu, dawa ya mmea isiungue. Tone la mwisho likishaanguka, asubiri kidogo tena kabla ya kugandisha.

Saa nane na robo stima inapotea. Ile pampu kubwa nilikuwa nimeiwasha kuijaribu, na ni ya zamani, haina vali ya kuzuia oili kurudi nyuma. Mkono wa kwanza unafunga vali ya upande wa mashine, wa pili unafungulia hewa upande wa pampu. Usipofanya hivyo, ombwe huinyonya oili ipande mpira hadi kwenye sampuli. Halafu nazima swichi ukutani, ili stima ikirudi pampu isijiwashe yenyewe pasipo mtu.

Saa tisa na nusu stima imerudi. Nafungua ile vali ndogo inayoingiza hewa kidogo ndani ya pampu, nayo inafanya kazi hivyo nusu saa bila sampuli. Hewa hiyo husukuma nje mvuke kabla haujageuka maji ndani ya oili. Wengi huiona kupoteza muda. Kwangu ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote, kwa kuwa oili ya pampu si kitu cha kupata dukani jirani.

Saa kumi nafunga vali, na saa kumi na moja nasoma geji: 0.09. Kwenye daftari naandika tarehe, oili imebadilishwa, sababu ni ethanoli, oringi (mpira wa kuziba hewa) ya mlango wa mashine ina ufa mdogo, iagizwe. Namwachia mwanafunzi kalamu atie sahihi kama shahidi, na kesho yeye ndiye atakayesoma geji kwanza.