Makumbusho ya Rodin kwa jicho lililozoea vyungu vya Ikombe

Ukitoka Mbeya ukafika Musée Rodin, makumbusho ya mchonga sanamu Mfaransa Auguste Rodin jijini Paris, usiende Jumatatu: hufungwa. Anzia bustanini, kwenye sanamu za shaba, wakati jua liko pembeni. Jua la utosini hufuta vivuli, na bila vivuli misuli haionekani.

Kosa la wengi ni kusimama mbele, kupiga picha na kuondoka. Zunguka. Mgongo wa Mtu Anayewaza, sanamu yake mashuhuri ya mtu aliyeketi akifikiri, unasema mengi kuliko uso. Aliumbwa kwanza akiwa na sentimita 70 hivi, akae juu ya Lango la Jahanamu, mlango mkubwa wa sanamu alioubuni Rodin. Umbo kubwa likatoka mwaka 1904.

Sogea karibu. Anayewajua wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, atatambua alama za vidole: Rodin alifinyanga udongo, hakuchonga shaba. Udongo ulitengenezewa kalibu ya plasta, kisha, kwa njia mojawapo ya kumimina, ikafuata nta nyembamba, nta ikayeyushwa, shaba iliyochanganywa na bati ikamiminwa mahali pake. Ndiyo maana nakala ni nyingi. Sheria ya Ufaransa huhesabu nakala 12 tu za kila sanamu kuwa za asili. Rodin alifariki 1917. Lango, lenye urefu wa mita 6 hivi, hakuwahi kuliona likiwa la shaba.

Ndani kuna marumaru. Hizo zilichongwa hasa na mafundi wake, kwa vipimo kutoka sanamu zake za plasta. Tafuta alama za patasi zilizoachwa makusudi. Kwangu ndizo tamu kuliko nyuso zilizosuguliwa.