Meli ya watoto na sisi wawili tu

Yule binti wa wakala wa safari alipofika pale kwenye fomu akauliza watoto wangapi, nikamwambia hakuna, akauliza basi wajukuu wangapi, nikamwambia hakuna pia, ni mie na mzee wangu tu. Akaweka kalamu chini. Akaniangalia kwa ile huruma ambayo nishaizowea miaka yote ya ndoa, alafu akaanza kunitolea vipeperushi vya hoteli za kimya kimya, ati mama hii meli ya watalii inayotoka Durban mwezi wa Disemba inajaa watoto, skuli za Afrika Kusini zimefungwa, mtasumbuka. Nikamwambia mwanangu, ndo ninayoitaka hiyo hiyo.

Watu wanadhani mtu asiye na watoto hupenda kimya. Mie nimezaliwa nyumba ya Mji wa Kale ambayo watoto hawahesabiki, mlango wazi mpaka usiku, huyu analia huyu anasoma huyu anatafuta kiatu, na sasa nakaa Bamburi kwenye nyumba ambayo kikombe kikiwekwa mezani nakisikia kutoka chumbani. Kimya ninacho cha kutosha. Na hapa Mombasa ukiolewa tu watu wanangoja uzae ili wakupe jina, uwe Mama Fulani, mumeo awe Baba Fulani, sisi tumebaki na majina yetu tuliyopewa na wazee wetu. Sisemi kwa uchungu, uchungu ulipita zamani. Ila mzee wangu amefanya kazi Kilindini maisha yake yote, kwenye winchi, ameona meli za watalii zikifunga gati namba moja mwaka baada ya mwaka na hajawahi kupanda hata moja, na alipostaafu nikasema hii lazima tuipande.

Kwenda Durban sikuizi si shida, tangu Januari 2023 pasipoti ya Kenya haihitaji viza Afrika Kusini kwa matembezi ya mpaka siku 90. Cha kuangalia ni cheti cha homa ya manjano, hapo wazee wenzangu nisikizeni vizuri, ukishapita miaka 60 usikimbilie tu kuchanjwa, daktari anatakiwa akuangalie kwanza manake kwa umri huo ile chanjo ina hatari zaidi. Mzee wangu alikuwa na cheti chake cha zamani cha safari ya Dubai, tukadhani kimekwisha baada ya miaka kumi, kumbe tangu 2016 kinahesabika cha maisha.

Kuhusu bei, nilikuwa naogopa kwamba meli ya familia itatutoza kama familia. Sivyo. Bei ya kebini huwa imepigwa kwa watu wawili, mtu ukisafiri peke yako ndo unaongezwa, na watoto ndo wanaoongezewa vitanda vya juu vya kukunja, mara nyingi bure au kwa ada ndogo tu. Yani wawili ndo kipimo chenyewe, sikuwahi kukaa mahali ambapo sisi ndo kipimo.

Kosa letu lilikuwa kebini. Wakala alituweka ghorofa ambayo juu yake ndo puli, bwawa la kuogelea, na kila alfajiri saa kumi na moja tunasikia viti vikiburutwa krrr krrr kichwani, na si watoto hao, ni wafanyakazi wanapanga. Kwahivo ukikata tiketi omba uoneshwe ramani ya meli, chukua kebini ambayo juu yake na chini yake ni kebini za watu wengine, na iwe katikati tena chini chini, hapo meli haichezi sana. Na ile bahari inacheza jamani. Mzee wangu alinieleza kwamba pale mkondo wa bahari unaoitwa Agulhas unashuka kwa nguvu kuelekea kusini magharibi, upepo ukiupinga basi mawimbi yanasimama. Siku ya kwanza nilishinda na tangawizi mkononi.

Kabla ya kutoka bandarini kuna mazoezi ya hatari, honi fupi saba na moja ndefu, kila mtu kwenye kituo chake. Wengine walikuwa wananung'unika, mzee wangu akakasirika kweli, akawaambia ile meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kule Italia Januari 2012 kuna abiria waliopanda siku ile ile na walikuwa hawajafanyishwa mazoezi bado, ndo manake sheria ikabadilishwa ifanywe kabla ya safari au mara tu meli inapoondoka. Watoto wote walivishwa bangili za rangi zenye namba ya kituo chao. Kuna kitoto kimoja kama cha miaka mitano kilikuwa kinaonesha kila mtu mkono wake, kikatuonesha na sisi, alafu kikauliza zenu ziko wapi.

Huyo ndo akawa mwenzetu. Familia yao ya Pietermaritzburg, Wazulu, na tulichagua chakula cha zamu ya pili tukidhani watoto watakuwa washalala, wapi, tukapangwa meza ya jirani yao. Sisi tulikuwa tunakula samaki na mboga tu, na yule mtoto anataka kujua kwanini hatuli nyama, nikamwelezea. Akamwita mzee wangu mkhulu, kumbe ndo babu kwa Kizulu, na mie gogo, ndo bibi. Kwetu gogo ni kipande cha mti, lakini nilivyoitwa pale niliitika kama nimeitwa hivo siku zote.

Usiku wa pili akauliza mbele ya watu wote, mkhulu, wajukuu zako wamelala? Mamake akashtuka, akamshika bega. Mzee wangu akamjibu taratibu tu, sina wajukuu, Mungu hakutupa watoto. Mtoto akafikiri kidogo, akasema sawa, akasukuma sahani yake ya viazi karai upande wetu, akasema chukueni vya kwangu. Basi. Hakuna pole, hakuna mlijaribu daktari gani, hakuna mngelea wa ndugu. Nimeulizwa swali hilo mara ngapi maishani, na sijapata kuona mtu mzima akilipokea jibu namna ile.

Toka hapo asubuhi zikawa na mpango. Sisi tunaingia puli mapema kabla watu hawajaamka, maji ni yetu peke yetu, klabu ya watoto ikifunguliwa meli inatulia tunalala au tunakaa sehemu ya watu wazima, na jioni mzee wangu anatolewa kebini kwa kugongewa mlango. Alitoa ule mkanda wa koti la kuogea akawa anawafundisha mafundo, wakafika watoto saba wamekaa chini pale kwenye korido na wazazi wamesimama na kahawa.

Pomene, Msumbiji, meli inatia nanga nje mnashushwa kwa maboti madogo. Mchanga mweupe, mikoko, kama niko kwetu tu. Akina mama wanauza capulana, ni leso kabisa, yani kanga, ila haina jina wala maneno, kitambaa na maua yake basi. Nilinunua mbili, moja nikampa mamake yule mtoto nikamwonesha tunavyojifunga Mombasa.

Juzi huyo mamake amenitumia sauti kwenye simu. Mtoto alifunga mkoba wa skuli kwa fundo la mkhulu na limekaza, baba ameshindwa, mwalimu ameshindwa, na hataki likatwe kwa kisu. Mzee wangu akatafuta kamba, akakaa barazani, akaniambia shika simu karibu na mikono usinishike uso, akawa anafungua polepole na kusema kwa Kiingereza hatua moja moja. Tulirekodi mara tatu, manake kila akifika mwisho anakumbuka kitu kingine cha kumwambia.